Mashine Kujifunza ni Nini? Maelezo Kupitia Jani la Muhogo

Mashine kujifunza ni njia ya kuipa kompyuta uwezo wa kufanya kazi fulani kwa kuionyesha mifano mingi, badala ya kuiandikia kanuni moja moja. Ndiyo inayoendesha karibu kila kitu kinachoitwa akili unde leo: programu inayotambua sura, inayogeuza sauti kuwa maandishi, inayoandika barua. Wanaosema teknolojia itageuza maisha ya binadamu, mara nyingi wanazungumzia hii. Ukitaka kujua itageuza nini na itakwama wapi, afadhali uitazame kwa karibu ikifanya kazi moja. Kwa Uganda, kazi hiyo ni kutambua magonjwa ya muhogo, ambayo Chuo Kikuu cha Makerere kimeifanyia kazi kwa miaka mingi pamoja na taasisi ya utafiti wa mazao iliyopo Namulonge.

Jaribu kuandika kanuni za kutambua batobato, mmoja wa magonjwa ya muhogo. Utasema jani lina mabaka ya njano, limekunjamana, limepinda upande mmoja. Lakini utitiri wa kijani, mdudu mdogo anayefyonza majani, nao huacha madoa ya njano, na udongo uliopungukiwa madini hufanya jani lipauke pia. Utaongeza kanuni ya pili, ya tatu, ya ishirini, mpaka zianze kugongana. Bwana shamba mzoefu hafuati orodha yoyote. Ameona majani mengi, na jicho lake limezoea. Mashine kujifunza ni jaribio la kufanya hivyo kwa hesabu.

Kompyuta haioni jani, inaona namba. Picha hupunguzwa iwe, kwa mfano, mraba wa vitone 224 kwa 224. Kila kitone kina namba tatu, ya nyekundu, ya kijani na ya buluu, kila moja kati ya 0 na 255. Zidisha, na jani moja ni namba 150,528. Namba hizo hupitishwa kwenye tabaka za hesabu, na zile zinazozidishiwa humo huitwa uzito. Mwishoni hutoka alama kwa kila jibu linalowezekana: zima, batobato, michirizi ya kahawia, bakajani ya bakteria, utitiri wa kijani. Mashine ikionyeshwa jani lenye batobato na kusema ni zima, hesabu hupima imekosea kwa kiasi gani, kisha kila uzito husogezwa kidogo sana kuelekea upande unaopunguza kosa. Halafu picha nyingine. Mkusanyiko wote ukiisha, unarudiwa tena na tena, mara kumi au hata hamsini. Hakuna siri nyingine. Kujifunza kote ni kusogeza uzito.

Kwa kawaida hakuna anayeanzia sifuri. Huchukuliwa modeli, yaani mfumo huo wa hesabu pamoja na uzito wake, iliyokwisha kufundishwa kwa zaidi ya picha milioni moja za vitu vya kila aina, kisha ikaongezewa majani ya muhogo. Ndogo mojawapo, MobileNetV2, ina uzito wapata milioni 3.5. Kila uzito ukihifadhiwa kwa baiti nne, modeli nzima ni kama megabaiti 14. Ukiubana hadi baiti moja, inabaki robo yake na usahihi haupungui sana. Ukubwa huo unaingia kwenye simu janja ya bei nafuu, na jibu hupatikana shambani bila mtandao. Kwa mkulima wa Uganda hilo ni jambo zito: tangu Julai 2021 bando la intaneti hutozwa ushuru wa asilimia 12, mbali na kodi ya ongezeko la thamani. Programu inayotuma kila picha kwenye seva ya mbali inamfanya mkulima alipie swali lake, tena mahali ambapo huenda mtandao haupo kabisa.

Sasa tufike kwenye picha zenyewe, maana hapa ndipo kazi hufaulu au kuharibika. Mwaka 2020 mkusanyiko wa zaidi ya picha 21,000 za majani ya muhogo kutoka Uganda uliwekwa hadharani kwa ajili ya shindano la kimataifa. Nyingi zilipigwa na wakulima wenyewe mashambani mwao, kisha wataalamu wa Namulonge, wakishirikiana na maabara ya akili unde ya Makerere, wakaandika kila picha ina ugonjwa gani. Ukiuliza maarifa ya mashine hiyo yametoka wapi, yametoka kwa watu hao. Modeli iliyofundishwa kwa picha za maabara, jani moja juu ya karatasi nyeupe, huchanganyikiwa ikikutana na vumbi, kivuli cha saa sita mchana, mkono wa mtu na magugu nyuma ya jani.

Kuna mitego mitatu hapa ambayo hurudiwa mno.

Wa kwanza ni kujipima kwa picha zinazofanana na zile za mafunzo. Ukichanganya picha zote na kuzigawa kwa bahati nasibu, shina moja lililopigwa picha tano litaonekana pande zote mbili, kwenye mafunzo na kwenye mtihani. Mashine itapata alama za juu kwa kulikumbuka shina, udongo wake na mwanga wa siku ile. Gawanya kwa mashamba, au bora zaidi kwa wilaya: picha zote za shamba moja ziende upande mmoja tu.

Wa pili ni kuamini namba moja ya usahihi. Katika mkusanyiko ule wa 2020, kama asilimia 61 ya picha ni za batobato. Programu isiyojua lolote, inayojibu "batobato" kwa kila jani, ingekuwa sahihi mara 61 katika kila 100, na isingetambua mmea mzima hata mmoja. Kwa hiyo akikuambia mtu kwamba programu yake ina usahihi wa asilimia 85, muulize: kwa ugonjwa upi? Kati ya majani yenye michirizi ya kahawia, inayatambua mangapi? Na ikisema ni michirizi, inasema kweli mara ngapi?

Swali hilo la mwisho linastahili hesabu. Chukua shamba la mashina 1,000, na tuseme 50 yanaumwa. Mashine inawakamata wagonjwa 90 katika kila 100, na kwa mashina mazima inakosea 10 katika kila 100. Inasikika vizuri. Itakamata 45 kati ya yale 50. Lakini mazima ni 950, na 95 kati yake yataitwa wagonjwa. Jumla ya maonyo ni 140, ya kweli ni 45, chini ya theluthi moja. Mkulima akiyang'oa yote, amepoteza mashina 95 yasiyo na kosa. Mashine hiyo hiyo kwenye shamba ambako nusu ya mashina yanaumwa ingekuwa msaada mkubwa, kwa sababu maonyo mengi yangekuwa ya kweli. Ubora wa chombo hutegemea pia mahali kinapotumika, na kipimo hiki hiki kinahusu programu za hospitali, za mikopo na za usalama.

Wa tatu: mashine iliyofundishwa majibu matano itatoa mojawapo ya hayo matano hata ukiionyesha jani la maharage au mbuzi. Alama za majibu hujumlishwa ziwe 100, hivyo lazima mojawapo iongoze. Tiba yake ni kuiongezea fungu la picha za "si muhogo", na kuweka kiwango ambacho chini yake programu husema haijui na kumwelekeza mkulima kwa afisa kilimo wa eneo lake (gombolola). Programu isiyojua kusema "sijui" isipelekwe kijijini.

Kisha kuna mambo ambayo picha haziwezi kuyafikia kabisa. Ugonjwa wa michirizi ya kahawia huozesha mzizi. Kwenye aina fulani za muhogo dalili za majani ni hafifu, au hujitokeza kwenye majani ya chini yaliyokomaa tu, na mkulima amezoea kupiga picha ya majani ya juu. Jani linaonekana salama, mzizi ukikatwa una mabaka makavu ya kahawia. Hapo kuongeza picha elfu kumi za majani hakusaidii. Kinachosaidia ni kung'oa mashina machache na kuyakata, kupima virusi maabara, na kupanda pingili safi za aina zinazostahimili kama NASE 14 au NAROCASS 1.

Njia hii ya kujifunza kwa mifano inatumika Uganda kwenye mengine pia. Makerere imeifanyia kazi malaria, simu ikishikizwa kwenye lenzi ya hadubini ili ihesabu vijidudu kwenye tone la damu. Ni kazi inayochosha macho, kwani mpimaji anatakiwa kupitia sehemu zisizopungua 100 za kioo kabla ya kusema hakuna malaria. Mradi wa AirQo, ulioanzia chuoni hapo mwaka 2015, hutumia vipima uchafu wa hewa vya bei nafuu, vingine vikifungwa kwenye bodaboda, na modeli husahihisha vipimo ambavyo unyevu wa hewa huvipotosha. Wengine wanakusanya sentensi za Luganda, Acholi, Ateso, Lugbara na Runyankole ili mashine zitafsiri lugha hizo. Lugha isiyo na mifano haipo kwa mashine, na wazungumzaji wake wataachwa nje ya huduma zitakazotolewa kwa sauti. Hilo linaniumiza kuliko hofu ya maroboti.

Maarifa ya mashine huchakaa pia. Mwishoni mwa 2004 michirizi ya kahawia ilionekana upya nchini, karibu na Mukono, ikaenea. Modeli iliyofundishwa mwaka mmoja kabla isingekuwa na jibu hilo. Ingeuita ugonjwa mpya kwa jina la zamani, tena kwa kujiamini. Kwa hiyo kila msimu zichukuliwe picha mia kadhaa kutoka mashamba ambayo modeli haijayaona, mtaalamu azisome bila kuonyeshwa jibu la mashine, kisha majibu yalinganishwe kwa kila ugonjwa peke yake. Wakulima ambao mashamba yao hupigwa picha, zikiwa na namba zao za simu na mahali walipo, waombwe ridhaa kwanza, kama Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inavyotaka.

Kazi hiyo inahitaji mshahara wa mtaalamu, mafuta ya pikipiki na bando. Anayekuja kuzindua programu aulizwe mbele ya wakulima nani atalipia hayo msimu wa tatu, na jibu liandikwe kwenye mkataba.