Dhana potofu kuhusu gundi kwenye nyumba za treni za modeli

Wanaoanza kujenga stesheni, maghala na nyumba za kuweka pembeni ya reli za modeli, yaani treni ndogo za mfano, wanaambiana vitu vingi ambavyo sio kweli, na kubwa kuliko zote ni hii kwamba ukimwaga gundi nyingi ndo ukuta unashika. Hapana jamani. Seti nyingi za plastiki za kuunga mwenyewe, ziwe za kampuni ya Faller ya Ujerumani au Walthers ya Marekani, vipande vyake ni polistirini, na gundi ya plastiki haifanyi kazi kama ya karatasi, yenyewe inayeyusha uso wa vipande viwili vinachanganyikana halafu dawa inaruka hewani, kinachobaki pale ni plastiki tupu, kipande kimoja. Ukizidisha unayeyusha mpaka matofali yaliyochorwa nje, na kwa skeli ya HO, yaani 1:87, kila kitu kimepunguzwa mara 87, tone la milimita 2 tu ni kama doa la sentimita 17 kwenye nyumba ya kweli, halifichiki.

Mi napenda ile gundi ya plastiki nyepesi kama maji. Unashikanisha kuta zikiwa kavu kwanza, zikikaa sawa unagusisha ncha ya brashi kwenye kiungio kwa upande wa ndani, gundi inakimbia yenyewe kufuata ufa, unaiona kabisa inavyopita mpaka juu, raha sana. Ila chunga vidole, kidole kikiwa juu ya kiungio gundi inanyonywa chini yake na alama inabaki ukutani mazima.

Halafu supaglu, eti inashika chapu na inashika kila kitu. Kwa vipande vya chuma au resini (plastiki ngumu ya kumiminwa) sawa, ndo yenyewe, maana gundi ya plastiki haiviyeyushi hivyo. Kwa kuta za polistirini kiungio chake kinakuwa kigumu ila hakina unyumbufu, nyumba ikidondoka kinaachia, na mvuke wake unaacha ukungu mweupe kwenye vioo vya madirisha. Vioo weka gundi nyeupe ya maji, PVA, ikikauka haionekani.

Hiyo hiyo PVA wengine wanaidharau kwenye seti za mbao wakati ukiibana vizuri mbao inapasuka kabla ya gundi kuachia, shida yake ni maji tu, ubao mwembamba unapinda, kwa hiyo weka vijiti vya kukaza kwa ndani na uweke uzito juu mpaka ikauke.

Na usidanganywe eti huwezi kupaka rangi kabla ya kuunga. Paka, tena milango na fremu za madirisha zinapendeza zaidi zikipakwa mapema, ila kingo zinazokutana zikwangue kwa wembe mpaka plastiki ionekane, la sivyo unaunga rangi kwa rangi na ukuta utabanduka na rangi yake.

Kushika nako sio kukauka. Baada ya dakika chache unaweza kuinyanyua ndio, lakini plastiki ya ndani bado laini, iache ilale usiku mzima ndo upige msasa, na kabla hujaiacha hakikisha kona mbili za kwanza umezipima kwa skwea maana zikikaukia upande paa halikai.

Barakoa ya vumbi nayo haizuii mvuke wa hizi gundi hata kidogo, fungua dirisha, washa feni ipeleke hewa nje, na kifuniko cha chupa kirudishe kila ukimaliza kuchovya.