Upanga wa Kijapani wa Mapambo: Mambo ya Kujua Kabla ya Kuununua, Kuurithi au Kuusafirisha

Dawati letu la ushauri kwa wakazi wa kigeni hapa Japani linazidi kupokea malalamiko yanayofanana kutoka kwa wazungumzaji wa Kiswahili: wanafunzi, wafanyabiashara wa magari yaliyotumika, na waliooa au kuolewa huku. Mtu amejipatia upanga wa kupendeza. Ala imepakwa urushi mweusi, rangi ya utomvu wa mti, na kunyunyiziwa vumbi la dhahabu, mpini umesukwa kwa utepe wa hariri. Umekaa sebuleni miaka miwili bila neno. Siku anaposafiri kurudi Dar es Salaam au Mombasa, forodha ya uwanja wa ndege inamwambia hauvuki. Anatupigia simu akiwa palepale kwenye foleni, na maneno ni yaleyale kila mara: "Lakini ni pambo tu!"

Tuanze na hilo. Sheria ya Japani ya kudhibiti bunduki na panga, ya mwaka 1958, haitazami dhahabu iliyo nje ya ala. Inatazama kilichomo ndani. Upanga, mkuki au naginata (ubapa uliopinda kwenye mpini mrefu) yenye ubapa wa chuma cha pua wa sentimita 15 au zaidi ni silaha inayodhibitiwa. Kwa kisu cha makali pande mbili, kipimo kinaanzia sentimita 5.5. Kuwa butu hakuuokoi: chuma cha pua kinachoweza kunolewa kikakata kinahesabiwa kuwa upanga hata kama leo hakikati karatasi. Kukutwa na upanga kama huo usiosajiliwa kunaweza kukupeleka jela hadi miaka 3, au kukutoza faini hadi yeni 500,000. Na hoja ya kwamba "kwetu kila nyumba ina panga" tunaomba isiletwe tena dawatini. Panga la kufyekea shamba ni kitu kimoja, upanga wa kivita ni kingine, na maofisa wa huku hawatapima mzigo wako kwa desturi za kwetu.

Kuchanganyikiwa kwenyewe naweza kukuelewa, kwa sababu Wajapani wamepamba panga kwa zaidi ya miaka elfu moja. Katika hazina ya Shosoin, mjini Nara, umehifadhiwa upanga wa karne ya 8 ambao ala yake imefunikwa kwa mapambo ya dhahabu, fedha na vito. Baadaye wakuu wa ikulu ya Kyoto walivaa kiunoni kazari-tachi, upanga wa sherehe ambao mara nyingi ubapa wake haukutiwa makali kabisa. Kilichotakiwa kuonekana ni cheo cha mvaaji. Aliyewahi kumwona bwana harusi wa Kiomani na jambia lake la fedha ataelewa mara moja. Halafu mwaka 1876 serikali ya Mfalme Meiji ikapiga marufuku raia kuvaa panga hadharani, na mafundi wa vikingio vya mkono na mapambo ya mpini wakakosa wateja kwa mara moja. Wengi waligeukia kutengeneza vyombo vya mapambo kwa wanunuzi wa Ulaya na Marekani. Hawakuwa mafundi wa kubahatisha: Kano Natsuo, mmoja wa mabingwa wao, ndiye aliyechonga pia michoro ya sarafu za mwanzo za serikali hiyo.

Kwa hiyo upambaji hauthibitishi lolote kuhusu ubapa, iwe kwa kuukana au kuukubali. Mkusanyaji makini huutoa ubapa wake na kuulaza katika ala ya mbao isiyo na rangi, shirasaya, ili usipate unyevu. Ile ala ya fahari huiweka kando ikiwa imeshikiliwa na ubapa wa mbao uitwao tsunagi. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti: huku ndivyo upanga mzuri unavyotunzwa. Nimeona watu wakilipa fedha nyingi kwa ala na mpini wakidhani wamenunua upanga, na nimeona mwingine akidhani ameshika mti kumbe ndani mna chuma cha karne tano.

Upanga wa maduka ya watalii, kule Asakusa au Kyoto, kwa kawaida una ubapa wa aloi ya zinki uliopakwa ili ung'ae. Weka sumaku: kama hainasi, huenda una kielelezo tu, yaani mfano wa upanga, kisichohitaji usajili. Hata hivyo sheria inakataza kukibeba bila sababu ya maana, na faini inafika yeni 200,000. Kukitoa dukani hadi nyumbani kikiwa kimefungwa ni sababu ya maana. Kukichomeka kiunoni barabarani ili upigwe picha si sababu. Sumaku ikinasa, acha mzaha na omba karatasi.

Kundi linalotusumbua zaidi ni panga za chuma cha pua zilizotengenezwa nje ya Japani na kununuliwa kwenye intaneti kwa bei ya viatu. Mtu anaagiza, forodha inauzuia, anakuja kutuomba tumsaidie kuusajili. Hausajiliki. Usajili ni kwa panga zenye thamani ya sanaa zilizofuliwa kwa njia ya jadi ya Kijapani, si kwa kila chuma kilichopindwa. Zingatia na usalama pia: nyingi kati ya hizo zina mkia mwembamba uliochomelewa ndani ya mpini, na ukiupunga kwa nguvu ubapa huchomoka na kuruka. Usimpe mtoto achezee.

Sasa karatasi. Inaitwa torokusho, na hutolewa na Bodi ya Elimu ya mkoa, si polisi. Ina namba na tarehe ya usajili, aina ya silaha, urefu wa ubapa, kina cha mpindo wake, idadi ya matundu ya kijiti kinachoshikilia mpini, na maandishi ya fundi kama yapo. Someni sentensi inayofuata mara mbili, kwa sababu asilimia kubwa ya muda wetu inaishia hapo. Karatasi hii ni ya upanga, si ya mtu. Si leseni yako, haina jina lako, na upanga ukienda kwa mwingine inakwenda nao. Inakaa na upanga saa zote, karatasi halisi, si nakala wala picha kwenye simu. Kabla hujalipa, pima ubapa na uhesabu matundu. Vikitofautiana na karatasi, karatasi hiyo ni ya upanga mwingine na wewe huna usajili.

Ukishaupokea, iwe kwa kununua, kupewa au kurithi, una siku 20 kuiarifu Bodi ya Elimu ya mkoa uliotoa karatasi hiyo. Mkoa uliotoa, si mkoa unaoishi. Upanga uliosajiliwa Fukuoka na kununuliwa Tokyo unaarifiwa Fukuoka. Taarifa yenyewe ni fomu fupi, hailipiwi, na hutumwa kwa posta. Kutoiarifu Bodi ni kosa lenye adhabu, kwa hiyo sielewi kwa nini mtu aliyetumia mshahara wa miezi mitatu kwenye upanga ashindwe kununua stempu. Karatasi ikipotea, omba nyingine kwa bodi hiyohiyo. Cheti cha jumuiya ya NBTHK, iliyoanzishwa mwaka 1948 kulinda sanaa ya panga, ni maoni ya wataalamu juu ya ubora na asili ya ubapa. Wauzaji hukitaja kwa sauti kubwa, na kina thamani yake, lakini hakichukui nafasi ya torokusho.

Wanaorithi wana njia yao. Baba mkwe amefariki, mnasafisha nyumba ya zamani kijijini, kabatini unatoka upanga uliofungwa kitambaa na hauna karatasi. Usiupeleke popote. Piga simu kituo cha polisi cha eneo hilo, eleza umeukuta wapi na lini, na fuata watakavyokuambia kuhusu kuufikisha kwao. Watakupa cheti cha kuthibitisha kuwa umeripoti. Ukiwa nacho, unaupeleka siku ya ukaguzi wa Bodi ya Elimu, ambako wakaguzi wanauangalia na wewe unalipa yeni 6,300. Ukipita, unapewa torokusho. Panga nyingi za kijeshi za miaka ya vita zilitengenezwa kwa mashine na hazipiti. Hizo mtaagizwa kuzisalimisha. Ni habari ngumu kwa familia, tunajua. Anayeripoti mwenyewe mara tu alipoukuta hatendewi kama mficha silaha, na hofu hiyo ndiyo inayowafanya watu wauache kabatini hadi unakuwa tatizo la kweli.

Na kabla ya ukaguzi, msiusafishe. Nasema hivi kwa uchungu. Tuliwahi kuletewa upanga ambao mkwe mmoja, kwa nia njema kabisa, alikuwa ameusugua mkia wake kwa msasa mpaka ukang'aa. Kutu nyeusi ya mkia, ile sehemu inayojificha ndani ya mpini, ndiyo inayowaambia wataalamu umri wa upanga, na ndimo jina la fundi lilimochongwa. Kazi ya mikono ya watu waliokufa zamani iliondoka kwa nusu saa. Kutu ya mkia haiguswi. Ubapa hupanguswa kwa karatasi laini na kupakwa utando mwembamba wa mafuta ya choji. Choji ni karafuu. Leo mafuta hayo kwa sehemu kubwa ni ya madini yenye karafuu kidogo, lakini Mpemba akifungua kichupa ataitambua harufu ya nyumbani. Mafuta ya karafuu matupu ya dukani msiyatumie.

Kusafirisha. Upanga wowote uliosajiliwa unaotoka Japani unahitaji cheti cha ukaguzi kutoka Shirika la Masuala ya Utamaduni, kinachothibitisha kuwa si Hazina ya Taifa wala Mali Muhimu ya Utamaduni. Hizo hazitoki. Unatuma maombi pamoja na picha na torokusho, na karatasi hiyo hairudi kwako, kwa kuwa upanga unaondoka kwenye daftari la nchi. Anza wiki kadhaa kabla ya safari. Kuomba usiku wa kuamkia ndege hakuwezekani, hata ukilia. Kwenye ndege upanga unakwenda na mizigo ya chini, baada ya kuuliza shirika la ndege na nchi utakayopitia. Kuutia chini ya kiti cha gari linaloingia kontena bandarini Yokohama au Nagoya, kama wanavyoshauriana baadhi yetu, ni magendo, na kunamweka hatarini mwenye kontena ambaye huenda hajui lolote. Mnaowapelekea ndugu England au Wales, fahamuni kuwa tangu 2008 panga zilizopinda zenye ubapa wa sentimita 50 au zaidi zimepigwa marufuku, isipokuwa za kabla ya 1954 au zilizofuliwa kwa mkono kwa njia ya jadi. Na tangu Agosti 1, 2025, panga zilizonyooka ziitwazo za ninja nazo zimeingia kwenye marufuku. Wanaokwenda Afrika Mashariki waiandikie forodha ya kule na wapate jibu la maandishi kabla ya kukata tiketi.

Limebaki moja, na linatuhusu sisi kuliko wengine. Miongoni mwa zile kazi za Meiji kwa wanunuzi wa kigeni kuna panga na visu ambavyo ala na mpini wake ni mchongo mtupu: wavuvi, joka, wapiganaji wamebanana kama umati wa sokoni. Ubapa wa ndani mara nyingi ni wa hali ya chini. Mnunuzi analipia mchongo. Nyingine ni mfupa, nyingine ni pembe za ndovu. Biashara ya kimataifa ya pembe imefungwa tangu 1990 chini ya CITES, mkataba wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini kutoweka, na kitu cha kale hakitoki Japani bila kibali cha Wizara ya Uchumi, Biashara na Viwanda. Upande wa pili, Kenya na Tanzania zimewafunga watu miaka mingi kwa pembe. Ofisa wa Mombasa au Dar es Salaam hatasikiliza kwanza kwamba ilichongwa Tokyo miaka 130 iliyopita. Kama ala yako ni nyeupe na ina mistari myembamba iliyokatana kama wavu pale ilipokatwa kwa upana, mwite mtaalamu aitazame. Akisema ni pembe, uache upanga huo Japani.