Mlango Uliotegwa Kwenye Theluji

Ukiitazama kwa mara ya kwanza picha ya Pieter Bruegel Mkubwa ya watelezaji na mtego wa ndege, macho hukimbilia mtoni. Mto umeganda, na wanakijiji wameteremka kucheza juu ya barafu: kuna wanaoteleza kwa viatu vya vyuma, kuna wanaopiga mpira mdogo kwa fimbo. Nyuma yao ni kanisa, paa zilizofunikwa na theluji, na anga ya manjano hafifu. Bruegel, mchoraji wa Flandria (sehemu ya Ubelgiji ya leo), aliichora mwaka 1565 juu ya ubao wa mwaloni. Ni ndogo, kimo chake sentimita 37 tu, na sasa iko Brussels, katika Makumbusho ya Kifalme ya Sanaa.

Sasa shuka macho upande wa kulia. Kuna mlango mkuukuu uliong'olewa mahali pake, ukategwa kwa kijiti. Ndege wanadonoa chini yake. Kamba nyembamba inatoka kwenye kijiti hadi kwenye kidirisha cheusi cha nyumba, na wa kuivuta haonekani. Aliyewahi kutega ndege kwa ungo na kijiti utotoni haelezwi kitakachofuata.

Kwanza kabisa, huo ni mtego wa kitoweo. Baridi ya 1564 na 1565 ilikuwa kali mno Ulaya, na ndege wa porini waliliwa. Lakini tazama wale ndege wawili walio matawini, karibu nasi: ukubwa wao unakaribiana na wa watu walio mtoni. Isitoshe, barafu yenyewe ina tundu. Hapo Bruegel anatunong'oneza kwamba wachezaji nao wako mtegoni.

Wapo wanaokwenda mbali zaidi: ndege ni roho za watu, mtegaji ni Shetani. Mimi naona hapo tunamtwisha mchoraji mahubiri. Ni kweli kwamba mchoro wake mwingine, wa watu wanaoteleza nje ya lango la mji wa Antwerp, ulichapishwa ukiwa na maneno kuhusu utelezi wa maisha ya binadamu, ila maneno hayo yaliongezwa katika chapa ya baadaye. Kwenye picha ya mtego hakuandika fundisho lolote. Dirisha aliliacha jeusi.

Picha hii ilipendwa mno. Nakala zaidi ya 100 zinajulikana, zikiwemo kadhaa zilizotoka kwenye karakana ya mwanawe, Pieter Brueghel Mdogo. Ukikutana na mojawapo, anza kwa kuitafuta ile kamba.