Chura Aliyeshiba Bado Anameza Mwenzake

Mwezi huu peke yake nimeambiwa mara nne, na watu wanne tofauti, kwamba chura wa tangini akilishwa vizuri hawagusi samaki. Wa kwanza nilimweleza kwa upole. Wa nne nilimwomba anisubiri nimalize kuosha filta, maana ningemjibu vibaya.

Huyo wa nne ni mama mmoja wa Shella, hapa Malindi, mteja wangu wa siku nyingi. Alinipigia simu watu ndio kwanza wanatoka msikitini alfajiri. "Fundi, samaki wangu wameibwa." Nikaenda. Tangi lilikuwa safi, maji maangavu, kifuniko mahali pake. Gapi sita, wale samaki wadogo wa urembo, hawapo. Chura amekaa chini kwenye changarawe, tumbo limetuna, na pembeni mwa mdomo umechomoza mkia wa rangi ya machungwa. Alikuwa akiusukuma ndani kwa mikono yote miwili, taratibu, kama mtoto anayemalizia mahamri.

"Lakini jana usiku nilimpa minyoo mpaka akaiacha!" akasema mama. "Na wamekaa pamoja miezi minne, fundi. Hata siku moja hawajagombana."

Mama, hawakugombana kwa sababu hawakuwa wakilingana. Ulipomnunua, chura huyo alikuwa na sentimita tatu na gapi walikuwa hawaingii mdomoni. Leo ana saba. Ile miezi minne unayoita mapatano ilikuwa ya kusubiri mdomo ukue.

Chura wa mama huyu ni wa aina iitwayo chura wa kucha, na chura wa kucha hana ulimi. Yule wa bustanini hurusha ulimi akanasa mdudu. Huyu hukirukia kitu chenyewe na kukisukumiza mdomoni kwa vidole, kikiwa kigumu hukipasua kwa zile kucha tatu za kila mguu wa nyuma. Mtazame ubavuni siku akitulia karibu na kioo: utaona vistari vifupi vyeupe vilivyopangana kama mshono wa cherehani. Kwa vistari hivyo anahisi maji yakitikisika, ndiyo maana usiku wa giza totoro humpata samaki ambaye wewe mwenye macho usingemwona. Maji yakitikisika, anaruka. Hakuna mahali katika safari hiyo ambapo tumbo linaulizwa limejaa au vipi. Kiumbe aliyezoea madimbwi yanayokauka hali kwa ratiba, anakula kila kinachopita, kwa sababu kesho huenda kisipite. Minyoo aliyoiacha imelala chini ni jambo moja. Gapi anayepiga mkia mbele ya pua yake ni jambo jingine kabisa.

Wenye kulisha zaidi "ili asiwe na tamaa" ndio wanaonichosha. Chura mzima wa kucha anatosheka na mlo mara mbili au tatu kwa wiki. Mkimjaza kila siku mnapata chura mnene, maji yaliyochafuka, na samaki wanaopungua vilevile. Mimi siku hizi nikiuza tangi natoa na rula. Pima chura, pima samaki. Anayeweza kuingia mdomoni ataingia, leo au baada ya mfungo.

Hapo mteja huniambia: basi nitaweka samaki wakubwa. Haya. Samaki dhahabu mkubwa hamezwi, lakini yeye mwenyewe ni mdokozi, hudonoa vidole vya chura, na chura hana magamba ya kumkinga. Tilapia ni mgomvi zaidi. Wale samaki wanyonyaji wa kioo hugeukia ute wa ngozi ya chura usiku. Kobe wa maji sitaki hata kumjadili, huyo chura ni chakula chake.

Ila hatari kuliko wote ni kambare wadogo wa tangini, wanaopendwa kwa kuokota mabaki chini. Kambare akishikwa hutanua miba ya mapezi na kuikaza. Chura haachi alichokishika, kambare hakunji miba, na asubuhi unawakuta wote wawili wamekufa, mmoja ndani ya koo la mwenzake. Nimewahi kuitwa kwenye tangi la namna hiyo na mwenye nyumba akaniuliza kama maji yalikuwa na sumu.

Wa kukaa na chura wa kucha ni chura wa kucha, wa aina yake na wa kimo chake. Au akae peke yake, hanung'uniki. Tangi la lita 40 kwa mmoja, kifuniko kizito, basi.

Sasa, wapo watakaosema: "Mbona rafiki yangu ana chura na samaki miaka miwili, hakuna aliyeliwa?" Pengine ana chura kibete, kiumbe mwingine kabisa kutoka misitu ya Afrika ya Kati, asiyezidi sentimita nne hata akizeeka. Wauzaji huwachanganya, wengine kwa kutojua, wengine kwa kujua vizuri sana. Usiangalie rangi wala usisikilize bei. Angalia mikono. Kibete ana utando kati ya vidole vya mbele kama bata; wa kucha vidole vyake vya mbele vimeachana, vyembamba, kama vya mtu anayeomba. Utando wa miguu ya nyuma usikudanganye, wote wanao.

Kibete ndiye wa kuchanganywa, na kwake shida inageuka: yeye ndiye anayeonewa. Haoni vizuri, ni mzito kukipata chakula, na akifika chini samaki wepesi wameshamaliza. Watu huniletea kibete amekonda, ngozi imeshika mifupa, wakisema anaumwa. Ana njaa. Mpe samaki wadogo watulivu wenye midomo midogo, kama neoni au gapi wazima (vifaranga vya gapi atavila, usilalamike), na mlishe mwenyewe kwa kibanio kirefu, ukimsogezea minyoo hadi puani. Beta, yule samaki mgomvi wa mapezi marefu, mimi sipendi kumweka naye. Wengine wanapatana, wengine wanachanana mapezi, na wewe hutajua umepata yupi mpaka asubuhi.

"Chura huyu ni wa Afrika, joto la Malindi ni lake." Afrika ni kubwa, ndugu yangu. Wa kucha anayeuzwa madukani ni wa kusini mwa bara, hustarehe kwenye maji ya nyuzi 18 hadi 22. Samaki wa urembo mnaotaka akae nao wanataka 25 au 26. Wakati wa kaskazi, tangi la sebuleni hapa mjini hupita zote mbili, kwa hiyo mkiongeza na hita ili samaki wafurahi mnamchemsha chura. Feni inayopuliza juu ya maji husaidia kuliko watu wanavyodhani. Huyo mnayemsikia kwenye madimbwi ya pwani yetu mvua zikinyesha ni nduguye, aina nyingine, aliyezoea joto. Mwacheni huko huko dimbwini.

Chumvi. Samaki akiugua, jirani atakwambia tia chumvi. Tangi lenye chura usitie, na dawa za samaki zenye shaba usitie, maana ngozi ya chura inakunywa kila kilichomo majini. Na maji ya visima vingi vya hapa mjini yana chumvi tayari, yaonje kwanza. Ya bomba yalaze siku nzima kwenye ndoo wazi ili klorini ipungue.

Halafu kuna wale waliochoka: "Nitamwachia mto Sabaki, arudi kwao." Si kwao. Chura huyu alisambazwa duniani kuanzia miaka ya 1930, baada ya kugundulika kwamba ukimdunga jike mkojo wa mwanamke mjamzito, hutaga mayai ndani ya siku moja. Hospitali zikawafuga kama vifaa vya kupimia mimba. Vilipokuja vipimo vya kisasa wengi waliachiliwa au walitoroka, na leo ni wavamizi kutoka Chile hadi Ufaransa, wanakula mayai na viluwiluwi vya vyura wa huko. Isitoshe anaweza kubeba kuvu ya ngozi inayoua vyura wengine, naye haimsumbui sana. Ukimchoka nirudishie. Simrudishii mtu pesa, lakini nampokea.

Mama wa Shella hakumchoka. Juzi kapiga simu tena: pampu ya hewa inagonga usiku, tik tik tik, hailaliki. Nikaenda, nikazima pampu. Kugonga kukaendelea. Si pampu, mama, ni dume. Chura huyu hana kifuko cha sauti, huita mwenzake kwa kugongesha ndani ya koo, chini ya maji.

Akamtazama kwa huruma. "Basi mletee mwenzake, fundi."

Nimemwambia asubiri. Wake ana sentimita saba. Niliye naye dukani ana nne.