Ufadhili wa safari kwa wanafunzi wa usanifu majengo: yanayosemwa na yaliyo kweli

Kila mwaka tangazo la ufadhili wa safari, yaani fedha anazopewa mwanafunzi aende kufanya utafiti mahali pengine, hubandikwa kwenye ubao wa idara au hurushwa kwenye kundi la WhatsApp la darasa, na kila mwaka wanafunzi wazuri hulipita. Si uvivu. Wamejiondoa wenyewe kabla jopo halijakaa, kwa sababu ya maneno waliyoyakuta kwa waliowatangulia. Mengi ya maneno hayo si kweli, na inauma kuona yanarithishwa mwaka hadi mwaka.

"Ni wa wenye GPA kubwa"

Hapa watu huchanganya mambo mawili. Zawadi za mahafali, zile za mwanafunzi bora, kweli hufuata alama. Ufadhili wa safari hufuata swali. Chukua ule wa msanifu majengo Mwingereza Norman Foster, unaotolewa kupitia RIBA, taasisi ya wasanifu majengo ya Uingereza: pauni 7,000 kwa utafiti unaohusu uhai wa miji, iwe ni msongamano wa makazi, usafiri au matumizi ya rasilimali. Majaji wanasoma andiko lako. Unataka kujua nini? Kwa nini hilo haliwezi kujulikana ukiwa maktaba? Ukifika utafanya kazi gani, na utarudi na nini mkononi?

Foster mwenyewe aliacha shule akiwa na miaka 16 akaenda kufanya kazi ya ofisini katika jiji la Manchester. Alipoingia chuo baadaye, kilichompatia medali ya fedha ya RIBA mwaka 1959, pamoja na pauni 105, ni michoro ya vipimo ya kinu cha upepo. Mwaka 1961 alipata ufadhili mwingine wa kwenda kusoma Yale, Marekani.

"Hautuhusu sisi wa Afrika"

Upo usiotuhusu, na hilo lisemwe wazi. Ufadhili wa Rotch, ulioanzishwa Massachusetts mwaka 1883, uliwekwa kwa ajili ya wasanifu wa huko. Soma masharti kwanza usije ukapoteza wiki tatu kuandika kitu ambacho hakitasomwa. Lakini ule wa Foster umechukuliwa na wanafunzi kutoka India mwaka 2008, Chile mwaka 2009 na Malaysia mwaka 2019.

Kizuizi chetu kikubwa mara nyingi kiko nyumbani. Tuzo nyingi za uzito haziombwi na mwanafunzi moja kwa moja. Jina au kazi hupelekwa na chuo. Ndivyo zilivyo hata medali za rais wa RIBA, ambazo chimbuko lake ni mwaka 1836. Kwa hiyo mlango wa kwanza kuubisha ni wa mkuu wa idara, na uubishe mwanzoni mwa muhula, si siku mbili kabla ya tarehe ya mwisho. Nenda na ukurasa mmoja: swali, mahali, muda, makisio ya gharama. Muulize kama programu yenu inakubalika, nani anateua, na tarehe ya ndani ya idara ni lini, kwa sababu huwa inatangulia ile iliyo kwenye tangazo. Wahadhiri wetu wamezidiwa na kazi, na idara isiyoletewa andiko hata moja haitakaa kikao cha kuteua.

Barua ya mhadhiri nayo isiwe ile ya "ana bidii na nidhamu". Mwombe aliyekusimamia studio aeleze kazi moja aliyoiona ukiifanya kwa mikono yako.

"Safari yenye maana ni ya Ulaya"

Mwaka 2012 ufadhili wa Foster ulikwenda kwa mwanafunzi wa Edinburgh. Mada yake ilikuwa namna watu wa makazi yasiyo rasmi wanavyotumia tena taka na vifaa vilivyotupwa, akifuata longitudo ya nyuzi 30 mashariki barani Afrika. Mstari huo unapita Uganda na Rwanda, pembeni kabisa mwa Kigali. Mtu alitoka Uskoti kuja kuyatazama mambo tunayoyapita kila asubuhi tukielekea studio, na jopo likaona yanastahili.

Pwani yetu peke yake inatosha kuzaa maandiko mengi. Ingia na mwenzako katika nyumba ya mawe ya Lamu au Mji Mkongwe wa Zanzibar, mmoja ashike mwanzo wa utepe wa kupimia. Urefu wa vyumba utabadilika, lakini upana utarudi pale pale, kama mita mbili na nusu hadi tatu. Sababu iko juu ya vichwa vyenu: boriti za mikoko, ambazo haziwezi kubeba dari ya matumbawe na chokaa zaidi ya umbali huo. Pimeni chumba kwa mshazari, kona hadi kona, na mishazari miwili haitalingana, kwa kuwa kuta hazikai mraba. Sasa uliza: dari hizi zinapochoka, zinatengenezwa kwa kutumia nini? Na miji mingine ya bandari iliyojengwa kwa matumbawe, kuanzia Kisiwa cha Msumbiji hadi Suakin na Jeddah kwenye Bahari ya Shamu, imefanyaje? Hilo tayari ni andiko. Kwa maoni yangu lina nguvu kuliko maandiko mengi ya kwenda kutazama majengo maarufu ya Paris, kwa sababu mwombaji analijua tatizo kabla hajapanda ndege.

"Ni matembezi ya bure"

Tangu zamani haikuwa hivyo. Ufaransa ilianzisha Prix de Rome, tuzo ya kumpeleka mshindi Roma kujifunza, mwaka 1663, usanifu majengo ukaongezwa mwaka 1720, na tuzo ikadumu hadi 1968. Washindi waliokaa Roma walilazimika kupeleka michoro Paris, ikakaguliwa na wakubwa wa Akademia, taasisi ya sanaa ya huko. Tony Garnier, mshindi wa 1899, aliwaudhi alipotumia muda wake kuchora mji mzima wa viwanda badala ya magofu peke yake. Michoro hiyo inafundishwa hadi leo. Siku hizi utadaiwa ripoti, na andiko lisilosema ripoti itakuwaje huachwa mapema.

Wanaodhani picha za kompyuta zinazong'aa ndizo zinazoshinda nao wamekosea. Swali likiwa bovu, picha haiokoi kitu.

"Muda wangu umepita"

Francis Kéré, msanifu majengo wa Burkina Faso, alikwenda Berlin mwaka 1985 kwa ufadhili wa kujifunza useremala. Shule ya msingi ya kijijini kwao Gando aliikamilisha mwaka 2001, akiwa bado mwanafunzi. Shahada aliipata 2004, karibu na miaka 40, na mwaka huohuo shule ile ikampatia Tuzo ya Aga Khan ya usanifu majengo. Pritzker, tuzo kubwa kabisa ya wasanifu majengo duniani, ilikuja 2022.

"Ukishapata fedha, mengine ni rahisi"

Kwa pasipoti zetu, sivyo. Ada za viza, bima ya safari na nauli ya kwenda ubalozini viingie kwenye bajeti tangu mwanzo. Ukichaguliwa, omba barua ya tuzo kwenye karatasi rasmi, yenye jina lako kama lilivyo kwenye pasipoti, kiasi cha fedha na tarehe za safari, kisha chuo nacho kiandike kwamba wewe ni mwanafunzi wake na unatarajiwa kurudi masomoni.