Siri za serikali Uganda: yanayosemwa na yaliyoandikwa

Ukiongea Kiswahili kwenye teksi ya Kampala, abiria wa pembeni hunyamaza kidogo. Kichwani mwao wewe ni mmoja kati ya wawili: Mkenya, au mtu wa usalama. Dhana hiyo haikuanguka kutoka mbinguni. Kiswahili kilikuja na askari wa KAR, jeshi la kikoloni la Waingereza, Idi Amin akakitangaza lugha ya taifa mwaka 1973 wakati raia walikisikia zaidi kwenye vizuizi vya barabarani, na enzi za utawala wa pili wa Obote misako ya kuzoa vijana mitaani ikapewa jina la Kiswahili, "panda gari". Lakini mpelelezi anayetumwa Masaka leo ataongea Luganda, na wa Gulu ataongea Kiacholi, la sivyo hafai kazi. Kiswahili chenyewe ni lugha rasmi ya pili tangu Katiba iliporekebishwa mwaka 2005. Hiyo ndiyo dhana nyepesi, tuiache hapo twende kwenye nzito.

"Watu wa usalama hawajulikani"

Nenda gombolola yoyote, yaani kata, uulize Giso, afisa usalama wa hapo, ni nani. Utaonyeshwa hadi nyumba yake. Giso anahudhuria mikutano, anakaa kwenye kamati ya usalama, mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, ana namba yake ya simu, na juu yake yuko Diso wa wilaya. Wote ni wa ISO, idara ya usalama wa ndani. Hiyo pamoja na ESO, inayoshughulikia habari za nje, ziliundwa kwa Sheria ya Vyombo vya Usalama ya mwaka 1987, ambayo raia yeyote anaweza kuisoma. Wakuu wao huteuliwa na Rais na majina yao hutangazwa. Katiba ya 1995, ibara ya 218, inaikataza serikali kuunda chombo cha ujasusi bila sheria ya Bunge.

Kilicho siri ni nani anampelekea Giso habari, na hapo mimi sina ugomvi. Mtoa habari akitajwa, anaweza kufa. Ugomvi wangu ni pale neno "siri" linapotandazwa hadi likafunika kila kitu.

"Usalama wana ruhusa ya kumkamata mtu na kumficha"

Dhana hii ndiyo yenye madhara makubwa zaidi, kwa sababu hata familia za waliokamatwa huiamini, na zikiiamini hukaa nyumbani kusubiri.

Ibara ya 23 ya Katiba inasema aliyekamatwa awekwe mahali palipoidhinishwa na sheria, na afikishwe mahakamani ndani ya saa 48. Nyumba ya siri, ile ambayo watu huiita sefu hausi, si mahali palipoidhinishwa, hata kama mlinzi wake ana kitambulisho cha serikali. Ibara ya 44 inakwenda mbali zaidi: kinga dhidi ya mateso na haki ya kuiomba mahakama iamuru mtu aletwe mbele yake haziwezi kuondolewa kwa sababu yoyote, iwe vita, iwe hali ya hatari. Kisha kuna sheria ya kuzuia mateso ya 2012, na ile ya utekelezaji wa haki za binadamu ya 2019, inayomfanya afisa awajibike yeye mwenyewe badala ya kujificha nyuma ya "niliagizwa".

Sasa tuongee ukweli wa mtaani. Mwaka 2019 kamati ya haki za binadamu ya Bunge ilipotaka kukagua nyumba za aina hiyo, ilizuiwa mlangoni. Novemba 16, 2024, mwanasiasa wa upinzani Dkt. Kizza Besigye alichukuliwa jijini Nairobi pamoja na mwenzake Hajj Obeid Lutale. Walionekana hadharani tarehe 20, katika mahakama ya kijeshi ya Makindye. Saa 48 hesabu mwenyewe. Januari 31, 2025, Mahakama ya Juu ikaamua kwamba raia kushitakiwa kwenye mahakama za kijeshi ni kinyume cha Katiba. Miezi michache baadaye Bunge likapitisha marekebisho yanayorudisha jambo hilo katika mazingira fulani. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba sheria inatosha. Lakini wakili anayekimbilia mahakamani siku ya kwanza anakuwa na kitu mkononi, na ofisa anayesema "tuna ruhusa" anatakiwa aonyeshe ruhusa hiyo imeandikwa wapi.

"Karatasi za ofisini ni siri mpaka uruhusiwe"

Karani wa wilaya ukimuomba nakala ya mkataba wa ujenzi wa barabara, atakutajia kiapo chake na Sheria ya Siri za Serikali ya 1964. Kiapo anacho, na sheria hiyo ipo. Ila ibara ya 41 ya Katiba iliugeuza utaratibu: raia ana haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa dola, isipokuwa zile zinazoweza kudhuru usalama au mamlaka ya nchi, au faragha ya mtu mwingine. Mwenye mzigo wa kueleza ni anayekataa kutoa. Sheria ya Kupata Habari ya 2005 inampa ofisa siku 21 za kujibu, na sababu zako za kuomba, zozote zile, haziathiri haki yako. Akikataa, au akinyamaza, unakwenda kwa hakimu mkuu. Kumbukumbu za Baraza la Mawaziri ziko nje ya sheria hii kabisa, hizo usijisumbue.

Mahakamani unaweza kushindwa. Waandishi wa habari Charles Mwanguhya Mpagi na Angelo Izama waliomba mikataba ya mafuta ambayo serikali ilitiliana saini na makampuni ya kigeni, na mwaka 2010 mahakama ya Nakawa ikawakatalia. Miaka kumi baadaye, Agosti 2020, Uganda ikajiunga na EITI, mpango wa kimataifa wa uwazi wa mafuta na madini, unaodai mikataba iliyosainiwa au kurekebishwa tangu Januari 1, 2021 iwekwe wazi. Mikataba ya kabla ya hapo haikubanwa, nayo ndiyo yenye visima vikubwa.

Kuna wanaodhani pia kwamba sheria ya watoa taarifa ya 2010 inamlinda mtumishi anayepeleka nyaraka gazetini. Haimlindi. Inamlinda akipeleka kwa IGG (Mkaguzi Mkuu wa Serikali), polisi, tume ya haki za binadamu au ofisi nyingine iliyotajwa humo. Fedha zikirudishwa kwa sababu ya taarifa yake, anastahili asilimia 5 ya fedha hizo.

Na fungu la siri la bajeti? Watu husema hakuna anayeliona. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu hulikagua, na wabunge wachache hupewa kuliangalia. Wachache mno, kwa maoni yangu, lakini si sifuri.

"Mikataba na majeshi ya nje ni shauri la Bunge"

Hapa ukweli ni mchungu kuliko dhana. Wengi wanaamini hakuna mkataba wa kimataifa unaoibana Uganda bila wabunge kupiga kura. Sheria ya kuridhia mikataba ya 1998 inasema vingine: mikataba mingi huridhiwa na Baraza la Mawaziri. Bunge huamua pale tu mkataba unapohusu amani, kusitisha vita au kutoegemea upande wowote, au Mwanasheria Mkuu akithibitisha kwamba unahitaji Katiba ibadilishwe. Iliyobaki huwekwa mezani Bungeni ikiwa imekwisha kuridhiwa.

Agosti 2025 tuliona matunda yake. Waziri mdogo wa mambo ya nje alisema hajui makubaliano yoyote ya kupokea watu wanaofukuzwa Marekani. Muda si muda wizara hiyohiyo ikatangaza kwamba makubaliano yapo, yenye masharti kama kutopokea wenye rekodi za uhalifu na watoto wasio na wazazi. Makubaliano yana ncha mbili. Marekani ina sheria tangu 1972 inayolazimisha makubaliano ya namna hiyo yapelekwe kwenye Congress yao, kwa hiyo kinachofichwa Kampala mara nyingi husomwa kwanza Washington.

Majeshi yetu nayo, yakitumwa nje, yanatakiwa kupata idhini ya Bunge. Somalia ilikwenda kwa utaratibu: Bunge Februari 2007, wanajeshi wakatua Mogadishu Machi. Sudan Kusini ilikwenda kinyumenyume, askari Desemba 2013, kura Januari 2014. Novemba 30, 2021, Operesheni Shujaa ilipoanza Kongo dhidi ya waasi wa ADF, wabunge walilalamika kwamba hawakuarifiwa. Machi 2025 Mkuu wa Majeshi alitangaza mwenyewe kwenye mtandao wa X kwamba vikosi viko Juba, Sudan Kusini, Bunge likabariki siku kadhaa baadaye. Siri gani hiyo inayowapita wabunge na kumfikia kila mwenye simu?

"Ya vitani hayatoki nje"

Hutoka, na hutoka na bei. Kongo iliishitaki Uganda kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Haki, The Hague, kwa vita vya 1998 hadi 2003. Katika suala la uporaji wa dhahabu na almasi, ushahidi ambao mahakama iliutegemea sana ulitoka kwetu: ripoti ya tume ya Jaji David Porter, iliyoundwa na serikali ya Uganda yenyewe mwaka 2001. Hukumu ilitoka Desemba 19, 2005. Kongo nayo ilikutwa na kosa la kuwatendea vibaya wanadiplomasia wa Uganda huko Kinshasa, jambo ambalo halisimuliwi sana. Fidia ilipangwa Februari 9, 2022: dola milioni 325, na milioni 60 kati ya hizo ni kwa ajili ya maliasili peke yake. Zilipangwa kulipwa kwa awamu tano, milioni 65 kila mwaka, kuanzia Septemba 2022 hadi 2026.