Je, wajua kwa nini BAKIZA "limetoa" lakini SMZ "imetoa"?

Baraza la Kiswahili la Zanzibar hufupishwa kuwa BAKIZA. Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar nayo hufupishwa kuwa SMZ. Mwandishi makini ataandika "BAKIZA limetoa tamko" na "SMZ imetoa tamko". Kwa nini kule "li" na huku "i"?

Anayefupisha jina hupunguza herufi na silabi, nomino iliyolibeba jina hilo haiondoi. Baraza lingali baraza hata likibaki "BA" tu, na kwa kuwa liko katika ngeli ya LI-YA, kitenzi hulifuata. Serikali iko katika ngeli ya I-ZI, basi SMZ imetoa, imejenga, imeajiri. TAKILUKI ya Vuga, yaani Taasisi ya Kiswahili na Lugha za Kigeni, vilevile, kwani TA yake ni taasisi. Mtihani uko kwa SUZA. Herufi zake zimetoka katika jina la Kiingereza, State University of Zanzibar, ilhali Kiswahili chake ni Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar. Mimi huandika "SUZA kimetangaza", lakini asemaye "imetangaza" simlaumu, maana hilo neno chuo halionekani popote katika herufi hizo.

Ndiyo maana "Serikali ya SMZ" hunikera kila niisikiapo. Ile S ya mwanzo ni serikali tayari!

Kosa jingine ni kusema "SMZ ni kirefu cha Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar". Hapo mambo yamepinduliwa: SMZ ni kifupisho, na Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ndiyo kirefu chake. Ukitaka kuuliza, uliza "Kirefu chake nini?"

Kuhusu matamshi, BAKIZA na TAKILUKI zina irabu baada ya kila konsonanti, kwa hiyo husomeka kama maneno mengine ya Kiswahili. SMZ haina irabu hata moja, basi hutajwa herufi moja moja.

Kitenzi chenyewe "fupisha" hubadilika kulingana na unachotaka kusema. Mhariri akilipunguza jina, "amelifupisha". Ukitaka kulitanguliza jina, sema "limefupishwa na mhariri". Kama aliyelipunguza si hoja, "limefupika" latosha. Kwa fundi cherehani, kabla ya Sikukuu, tunasema "Nifupishie kanzu hii", na kwa mhariri ni vivyo hivyo: "Nifupishie kichwa cha habari hiki, hakienei ukurasani."